John Enders: Bingwa wa chanjo ya surua aliyeanza na maradhi ya paka

KABLA ya jina la John Franklin Enders kuvuma kwa sababu ya polio na surua, mwanasayansi huyo wa Marekani alikuwa akichunguza mizoga ya paka. Sehemu hiyo ya maisha yake husimuliwa kwa nadra, pengine kwa kuwa kifo cha paka hakimlizi mtu kama kifo cha mtoto. Hata hivyo, swali ambalo madaktari wa wanyama wangali wanaliuliza kuhusu virusi na figo za paka haliwezi kuelezwa vyema bila kumtaja.

Enders alizaliwa Februari 10, 1897 katika mji wa West Hartford, jimbo la Connecticut. Babake alikuwa mkuu wa benki, na kijana huyo hakuwa na haja ya kuharakisha kuchagua kazi ya kuganga njaa. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Yale mwaka wa 1915, akayaacha masomo miaka miwili baadaye wakati nchi yake ilipoingia katika Vita Vikuu vya Kwanza, akawa rubani na mwalimu wa marubani. Vita vilipokwisha alirejea Yale na kuhitimu mwaka wa 1920. Alijaribu biashara ya nyumba na mashamba, ikamchosha upesi. Ndipo alipokwenda Harvard kusomea fasihi ya Kiingereza na lugha za kale za Ulaya, akapata shahada ya uzamili mwaka wa 1922.

Katika nyumba alimopanga aliishi pia Hugh Ward, daktari kijana kutoka Australia aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Hans Zinsser, msomi mashuhuri wa bakteria. Enders alianza kumfuata rafikiye maabarani jioni, kwanza kama mgeni, kisha kama mtu aliyeona kwamba amepotea njia kwa muda mrefu. Aliiacha tasnifu yake ya lugha na kuanza upya. Alipotunukiwa uzamifu wa elimu ya bakteria na kinga ya mwili mwaka wa 1930, alikuwa na umri wa miaka 33. Leo wengi wangemwambia amechelewa.

Mwishoni mwa miaka ya 1930, Enders na mwenzake William Hammon walijikuta wakikabiliana na maradhi ya paka yaliyoua haraka mno. Mnyama aliacha kula, akatapika na kuharisha, na chembechembe nyeupe za damu zikatoweka karibu zote. Tangu mwaka wa 1928 watafiti wa Ufaransa walikuwa wameuliza iwapo chanzo chake ni kirusi, lakini jambo hilo lilihitaji kuthibitishwa kwa utaratibu.

Wawili hao walichukua viungo vya paka waliokufa, wakavisaga na kuvipitisha katika vichujio vinavyozuia bakteria. Maji yaliyopita wakawadunga paka wazima. Paka hao waliugua ugonjwa ule ule, ilhali waliopona hawakuugua tena walipoambukizwa mara ya pili. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1939, na mwaka uliofuata wakaeleza jinsi paka wanavyoweza kukingwa kwa chanjo. Kirusi hicho ni jamaa wa karibu wa parvo, ugonjwa wa mbwa uliotambuliwa mwaka wa 1978 na ambao wafugaji wengi wanaujua kwa uchungu.

Kilichofuata ndicho kilichomletea sifa. Baada ya utafiti kuhusu matumbwitumbwi, alianzisha maabara ya magonjwa ya kuambukiza katika Hospitali ya Watoto ya Boston. Mwaka wa 1948, yeye pamoja na vijana wawili, Thomas Weller na Frederick Robbins, walikiotesha kirusi cha polio ndani ya chupa, katika seli zisizokuwa za neva. Wataalamu wengi walikuwa wakiamini jambo hilo haliwezekani. Bila hatua hiyo, chanjo iliyotolewa kwa umma mwaka wa 1955 haingepatikana kwa urahisi. Tuzo ya Nobel ilipokuja mwaka wa 1954, Enders alisisitiza kwamba Weller na Robbins washirikishwe, kwa kuwa kazi ilikuwa yao pia. Si wakubwa wengi wa maabara wangefanya hivyo.

Mwaka huo huo, yeye na Thomas Peebles walikipata kirusi cha surua kutoka katika damu ya mvulana wa shule mwenye umri wa miaka 13. Walikiotesha katika seli za figo za binadamu na za nyani. Figo zilipendwa maabarani kwa sababu seli zake humea vizuri chupani na kuvipokea virusi vingi. Kirusi hicho kilihamishwa kutoka chupa hadi chupa, kisha katika mayai ya kuku, hadi kikadhoofika. Chanjo iliidhinishwa Marekani mwaka wa 1963, na chanjo nyingi za surua zinazodungwa watoto duniani zimetokana na kirusi cha mvulana yule.

Enders aliaga dunia Septemba 8, 1985, akiwa na umri wa miaka 88.

Miaka 27 baadaye, mwaka wa 2012, watafiti wa Hong Kong walitangaza kwamba wamegundua kirusi kipya katika paka wa mitaani. Ni wa ukoo mmoja na kirusi cha surua. Kati ya paka 457 waliopimwa, 56 walikuwa nacho. Walipochunguza figo, waliona uvimbe wa tishu zake katika paka saba kati ya 12 walioambukizwa, na katika wawili tu kati ya 15 wasioambukizwa. Habari hizo ziliamsha matumaini, kwani ugonjwa sugu wa figo huwaua paka wengi wa uzeeni na mara nyingi chanzo chake hakijulikani.

Mbinu ya kuotesha virusi katika figo nayo ilikuwa imezua swali lake. Chanjo nyingi za paka, ikiwemo ya maradhi aliyoyachunguza Enders, huandaliwa katika seli za figo za paka. Mwaka wa 2005, watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado walionyesha kwamba baadhi ya paka waliodungwa chanjo hizo walitengeneza kingamwili dhidi ya seli za figo. Hilo halikuthibitisha kwamba chanjo huharibu figo, na maradhi zinayoyazuia huua kwa siku chache.

Kuhusu kirusi kipya, uchunguzi nchini Japani ulikihusisha na madhara katika tishu za figo, ilhali ule wa Uingereza uliochapishwa mwaka wa 2018 haukuona uhusiano kati yake na ugonjwa sugu wa figo. Paka mzee amekuwa na miaka mingi ya kuambukizwa, na pia ya kuchakaa figo. Hivyo kukipata kirusi katika mkojo wake hakuonyeshi ni kipi kilichotangulia. Hatua ambayo Enders na Hammon waliipiga kwa vichujio na paka wazima, ya kuonyesha kwamba kirusi chenyewe ndicho kileta maradhi, bado haijapigwa kwa ugonjwa sugu wa figo.