Maisha ya Sergei Eisenstein, Mwunga Picha

Muhula uliopita chama chetu cha picha kilipewa kazi ya kutengeneza filamu ya dakika kumi juu ya Siku ya Wazazi, nami nikapewa kazi ya kuvikata vipande na kuviunga katika kompyuta. Kilikuwapo kipande cha mpishi wetu mzee akiagwa, naye anashindwa kusema kwa machozi. Kilikuwapo na kipande cha mvulana wa kidato cha pili akicheka sana, kwa sababu asubuhi ile mbuzi aliingia uwanjani katikati ya gwaride la skauti. Picha ya mbuzi ilikuwa na giza, nikaitupa. Kicheko kilikuwa kizuri na sikupenda kipotee, basi nikakitia mahali nilipoona pana nafasi, nyuma ya mpishi.

Filamu ilipoonyeshwa bwaloni, watu wote, na mama yake mvulana yule akiwamo, walimwona akimcheka mzee anayelia. Aliitwa ofisini jioni ile ile, na kwa juma zima hakuna aliyetaka kula naye meza moja. Kila kipande kilikuwa cha kweli, lakini nilikuwa nimesema uwongo kwa kuviunga. Nilipokwenda kumweleza mwalimu mlezi wa chama, hakunigombeza sana. Alinitajia jina la mtu mmoja, akanituma nikasome habari zake, na habari zenyewe ndizo hizi.

Sergei Eisenstein alizaliwa tarehe 22 Januari, 1898, katika mji wa Riga, ambao siku zile ulikuwa chini ya Urusi na sasa ni mji mkuu wa Latvia. Baba yake alikuwa mhandisi mjenzi wa majumba, na majumba yake hutazamwa na wageni hata leo. Wazazi waliachana mtoto akiwa bado mdogo. Baba alitaka mwanawe naye awe mhandisi, akaanza kusomea kazi hiyo mjini Petrograd, lakini mapinduzi ya mwaka 1917 yakavuruga kila kitu. Mwaka 1918 kijana akaingia Jeshi Jekundu, na baba yake akawa upande wa pili wa vita hiyo.

Baada ya vita alikwenda Moscow, akajifunza Kijapani kwa muda. Jambo hili laweza kuonekana halina maana kwa mtu wa sinema, lakini mimi naona ndiyo mizizi ya kazi yake yote. Katika maandishi yale aliona alama ya maji ikiwekwa pamoja na alama ya jicho, na maana inayotoka si maji wala jicho, bali ni kulia. Mdomo na ndege, maana yake ni kuimba. Akafikiri kwamba picha mbili za sinema zikigusana huzaa jambo la tatu ambalo halimo katika hata moja yao.

Mjini humo alikuwako Lev Kuleshov, mwalimu wa sinema, ambaye Eisenstein alijifunza kwake kwa muda mfupi. Kuleshov alichukua picha ya uso wa mchezaji mmoja, uso mtulivu tu, akauunga na bakuli la supu, kisha na jeneza, kisha na mwanamke. Watazamaji wakauona uso ule una njaa, halafu una huzuni, halafu una mapenzi, na kumbe ni uso ule ule. Niliposoma hapo nilifunga kitabu nikatoka nje, kwani nilimwona mdogo wetu wa kidato cha pili.

Kukata kwenyewe alikuona kwa mama mmoja aliyeitwa Esfir Shub, ambaye kazi yake ilikuwa kuzikata upya filamu za kigeni zipate kufaa kwa watu wa nchi yake. Mwaka 1924 alikaa naye mezani wakiikata filamu ya Fritz Lang, Mjerumani. Siku zile hakukuwa na kompyuta. Mkanda ulishikwa kwa mkono, ukakatwa kwa mkasi, ukaungwa kwa gundi, na ukikosea hapakuwa na kidude cha kubonyeza ili kurudi nyuma.

Mwaka 1925, akiwa na miaka 27, alitengeneza filamu ya manowari Potemkin, ambayo mabaharia wake waliasi mwaka 1905 kwa sababu ya kulishwa nyama yenye funza. Ni filamu isiyo na sauti, ya muda kama wa saa moja na robo, na ina vipande zaidi ya 1,300. Tuliitazama na mwalimu mlezi. Askari wanashuka ngazi za Odessa kwa hatua sawasawa wakipiga risasi, mama anaanguka, gari la mtoto mchanga linateremka peke yake. Kuteremka ngazi zile kungechukua muda mfupi tu, lakini yeye ameurefusha kwa vipande hata moyo unachoka. Kisha simba watatu wa mawe, mmoja amelala, mmoja ameamka, mmoja ameinuka, wameungwa hata jiwe likaonekana linasimama. Yasimuliwa kwamba usiku wa kuonyeshwa mara ya kwanza mwisho wa mkanda ulikuwa haujatiwa gundi, umeshikwa kwa mate tu, lakini ukapita salama.

Lakini watu waliouawa Odessa siku zile hawakuuawa juu ya ngazi zile kwa namna ile. Eisenstein ndiye aliyewaweka pale, na leo watu wengi duniani huamini ndivyo ilivyokuwa. Uingereza iliipiga filamu hiyo marufuku hadi mwaka 1954.

Halafu mkasi ukamtoka mkononi. Desemba 1930 alikwenda Mexico kwa fedha za mwandishi Mmarekani, Upton Sinclair, na mkewe, akapiga picha za saa zaidi ya 30. Fedha zikaliwa, wakagombana, akarudi kwao mwaka 1932. Picha zikabaki Marekani, na wengine wakazikata wakatoa filamu zao mwaka 1933. Eisenstein hakuiunga kamwe filamu ile. Mwaka 1937 serikali yake ikamsimamisha katikati ya filamu nyingine, na mikanda yake ikapotea wakati wa vita. Pera Atasheva, mkewe, alikuwa amehifadhi vijipande, na miaka ya 1960 vikaungwa tena kuwa filamu ya picha zisizotembea.

Alipata sifa tena mwaka 1938 kwa filamu ya Alexander Nevsky. Tarehe 2 Februari, 1946, alipokuwa amekwisha kukata sehemu ya pili ya Ivan the Terrible, moyo wake ulimshika akicheza dansi katika karamu. Sehemu hiyo Stalin hakuipenda, ikafungiwa hadi mwaka 1958. Mwenyewe alikwisha kufa, Februari 1948, akiwa na miaka 50 tu.

Baada ya kuyasoma hayo niliomba ruhusa nikasimama mstarini mbele ya shule nzima, nikaeleza habari ya mbuzi. Miguu ilitetemeka. Kisha nilimwendea mdogo wangu yule kumwomba radhi, naye hakunijibu mengi. Aliomba jambo moja tu, kwamba nitakapoikata upya filamu akae karibu nami. Tuliikata Jumamosi mbili. Mbuzi tumemrudisha, ingawa ana giza.