Appert, mpishi aliyeitoa siri ya chupa kwa faranga 12,000

MASAKA, Kigali – Malori mengi yanayovuka mpaka wa Rusumo na makontena kutoka Dar es Salaam humaliza safari yake Masaka, kwenye bandari ya nchi kavu. Hapo hapo Masaka kiwanda cha Inyange kinasindika maziwa na juisi. Katika katoni zinazoshushwa na zinazopakiwa humo kuna jamu, nyanya, njegere, samaki wa kopo, maziwa yanayokaa miezi bila friji. Mzigo unaweza kukaa wiki mbili njiani, ukasubiri karatasi mpakani siku tatu juani, na bado ukauzika.

Bila hilo biashara ya chakula kati ya nchi na nchi ingebaki kuwa ya nafaka, dagaa wakavu na mifugo inayotembea kwa miguu. Aliyeibadilisha alikuwa mpishi mmoja wa Ufaransa, Nicolas Appert, ambaye hakuwa mwanasayansi wala hakujua kwa nini njia yake inafanya kazi.

Appert alizaliwa tarehe 17 Novemba 1749 katika mji wa Châlons, mkoa wa Champagne, mashariki mwa Paris. Baba yake alikuwa na nyumba ya wageni. Mtoto alikulia jikoni na kwenye ghala la vinywaji, akajifunza kupika, kutengeneza bia na kufunga mvinyo kwenye chupa. Akiwa kijana alikwenda kupika kwa mtawala wa Zweibrücken, upande wa Wajerumani, na mtawala huyo alipofariki mwaka 1775 akaendelea kumpikia mjane wake.

Katika miaka ya 1780 alirudi Ufaransa na kufungua duka la peremende na vitamu mtaa wa Lombards, Paris. Biashara ilikwenda vizuri. Kisha yakaja mapinduzi ya mwaka 1789, naye akajiingiza kwenye siasa za mtaa wake. Mwaka 1794, wakati viongozi wa mapinduzi walipokuwa wakikamatana wenyewe kwa wenyewe, naye alitiwa ndani. Alikaa miezi kadhaa akatoka salama, jambo ambalo wengi wa wakati wake hawakulipata. Siasa hakuzirudia kwa nguvu tena.

Swali lililomsumbua lilikuwa la muuza vitamu yeyote: matunda yanaiva kwa wiki chache, wateja wapo mwaka mzima. Wakati huo chakula kilihifadhiwa kwa chumvi, sukari, siki, moshi au jua. Kila njia ilibadili ladha. Nyama ya mabaharia ilikuwa na chumvi kali hata iliroweshwa kabla ya kuliwa, na kiseyeye kiliwaua wengi baharini.

Appert alichukua chupa za mvinyo wa Champagne kwa sababu kioo chake ni kinene. Akajaza njegere, matunda, mchuzi. Akaziba kwa kizibo kilichoshindiliwa, akakifunga kwa waya, akaifunika chupa kwa gunia ili zisigongane, akazipanga ndani ya sufuria kubwa la maji na kuchemsha kwa muda uliotofautiana kwa kila chakula. Baadaye aliagiza chupa za mdomo mpana ili vipande vya nyama vipite. Nyingi zilipasuka. Kizibo kikiwa na tundu dogo kiasi cha sindano, kilichomo ndani kilioza. Alifanya majaribio haya kwa miaka ipatayo kumi, kwanza Ivry na kisha Massy, kusini mwa Paris, ambako alijenga kiwanda na kulima mwenyewe njegere na maharage karibu na majiko, ili yavunwe na kuingia kwenye chupa siku hiyo hiyo.

Hapa pana jambo ambalo wengi wanaohifadhi chakula nyumbani au kukifunga kwenye chupa kwa ajili ya kuuza hulichanganya. Leo zipo mashine ndogo za kunyonya hewa kutoka kwenye chupa, na kifuniko kikinata mtu huona kazi imekwisha. Kwa Appert kazi ilifanywa na moto. Chupa ikichemka, hewa na mvuke husukumwa nje. Ikipoa, mvuke hugeuka maji na kifuniko huvutwa ndani. Ombwe hilo hulinda tu kile ambacho moto umeshakisafisha. Kunyonya hewa bila moto kunafaa kwa vitu vikavu kama karanga zilizokaangwa, kahawa, unga au dagaa waliokaushwa vizuri. Kwa chakula chenye unyevu na kisicho na uchachu, kama maharage yaliyopikwa, nyama au mboga, kuondoa hewa peke yake ni hatari, kwa sababu bakteria wa sumu ya botulizimu hustawi pale pale pasipo na hewa. Sumu hiyo inaweza kuwepo bila harufu wala ladha ya kumshtua mlaji, na huua.

Appert hakulijua hilo. Aliamini kwamba moto pamoja na kuzuia hewa ndivyo vinavyotosha. Mwanakemia Gay-Lussac alipoichunguza kazi yake alisema sababu ni kukosekana kwa oksijeni. Wote wawili hawakufika kwenye kiini. Ilibidi wasubiriwe wakina Louis Pasteur, miaka hamsini baadaye, kuonyesha kwamba ni vijidudu vinavyoozesha na kwamba joto huviua.

Na joto lenyewe lina mipaka yake. Massy iko karibu na usawa wa bahari, na maji yake huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi. Kigali iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, ambako maji huchemka kwa takriban nyuzi 95. Mtu aliyejifunza kupika jamu au nyanya za chupa Mombasa au Dar es Salaam, akaileta kanuni ile ile Masaka, anachemsha kwa joto dogo zaidi bila kujua, na inambidi aongeze dakika. Vyakula vyenye uchachu vinavumilia hilo. Nyama na maharage vinahitaji mvuke wa presha wa nyuzi 121 hivi, ambao sufuria la kawaida halifikii mahali popote, pwani wala mlimani. Ndiyo sababu maofisa wa viwango wa Rwanda, Uganda, Kenya au Tanzania hawatosheki na chupa inayong'aa na kifuniko kilichonata.

Mwaka 1803 jeshi la majini la Ufaransa lilijaribu chupa za Appert huko Brest. Mchuzi, njegere na maharage vilivyokaa miezi mitatu vilionekana bado ni vizuri. Grimod de la Reynière, mwandishi maarufu wa habari za vyakula mjini Paris, alizisifu njegere zake. Kiwanda cha Massy kiliajiri makumi ya wafanyakazi. Lakini chupa zilikuwa ghali, zilivunjika njiani, na Appert alikuwa mtu wa kumwaga fedha zote kwenye majaribio mapya. Alihitaji msaada.

Masimulizi mengi hudai kwamba Napoleon alitangaza zawadi na Appert akaishinda. Hadithi ni tamu, ila kumbukumbu zinaonyesha kitu cha kawaida zaidi: Appert mwenyewe aliiandikia serikali, kamati ya wataalamu ikamchunguza, na mwanzoni mwa mwaka 1810 Waziri wa Mambo ya Ndani, Montalivet, akamkubalia malipo. Alikuwa na njia mbili. Achukue hataza na kuifunga siri yake, au apokee faranga 12,000 na kuichapisha njia yote, kila mtu aijue, huku akitoa nakala 200 za kitabu kwa serikali.

Alichagua kuichapisha. Kitabu kilitoka mwaka huo huo, kikiwa na maelezo ya chakula kimoja baada ya kingine na muda wa kukichemsha.

Wafanyabiashara wa mipakani wataielewa sehemu inayofuata kuliko wasomaji wengine. Ufaransa na Uingereza zilikuwa vitani, na Napoleon alikuwa amepiga marufuku bidhaa za Waingereza barani Ulaya. Bidhaa hazikupita kihalali, lakini maarifa yalipita. Mwezi Agosti 1810, miezi michache tu baada ya kitabu kutoka, mfanyabiashara wa London aitwaye Peter Durand alipewa hataza na Mfalme George wa Tatu kwa njia hiyo hiyo ya kuhifadhi chakula, ikitaja vyombo vya kioo na vya bati. Durand alikiri kwamba wazo lilimfikia kutoka kwa mgeni wa nchi ya nje. Hataza hiyo iliuzwa kwa pauni 1,000, na kufikia mwaka 1813 kampuni ya Donkin, Hall na Gamble ilikuwa ikitengeneza vyakula vya makopo mjini London na kuliuzia jeshi la majini la Uingereza. Bati halivunjiki. Kioo cha Appert hakikuweza kushindana nalo melini.

Kisheria hakuna aliyemwibia. Alikuwa ameshaitoa njia yake hadharani, na nchini Uingereza hakuwa na haki yoyote iliyoandikishwa. Hali haijabadilika sana: hataza hulinda pale tu ilipotolewa. Rwanda, Uganda, Kenya na Tanzania ni wanachama wa shirika la ARIPO lenye makao yake Harare, ambako ombi moja linaweza kuzitaja nchi kadhaa. Kongo haimo. Mtu wa Kigali mwenye uvumbuzi aliousajili nyumbani anaweza kuukuta Goma sokoni kwa jina la mwingine, mwendo wa saa chache tu kwa gari.

Majeshi yaliyoivamia Ufaransa mwaka 1814 na 1815 yalikiharibu kiwanda cha Massy. Appert alikuwa na miaka 65. Alianza upya Paris, safari hii akitumia na makopo ya bati, akatengeneza pia vipande vya supu iliyokaushwa, akaboresha njia za kutoa jelatini kwenye mifupa. Mwaka 1822 chama cha kuendeleza viwanda vya Ufaransa kilimpa heshima ya kuitwa mfadhili wa wanadamu. Heshima hiyo haikuambatana na mtaji, na madeni hayakumwacha.

Aliendelea na kazi hadi mwaka 1836, alipokuwa na miaka 86, kisha akaliacha jina na biashara kwa wengine na kurudi Massy. Alifariki hapo tarehe 1 Juni 1841. Hapakuwa na fedha za mazishi, akazikwa katika kaburi la pamoja la maskini. Kwa Kifaransa, kazi ya kufunga chakula na kukichemsha ndani ya chombo chake inaitwa kwa jina lake hadi leo.