Maisha ya Kapteni Abebe Bikila

Baada ya hesabu na habari za kazi, twapenda kuwawekea wazee wetu na wanachama wote maisha ya Kapteni Abebe Bikila wa Ethiopia, nchi ambayo wahenga wetu waliiita Uhabeshi. Wengi wenu mwamjua kwa mbio zake; wachache wajua kwamba sehemu ya sifa yake aliipata akiwa ameketi. Ni kwa ajili ya sehemu hiyo tumemchagua.

Alizaliwa tarehe 7 Agosti, 1932, katika kijiji cha Jato, nchi ya Shewa, mtoto wa mchungaji. Alipokuwa kijana aliingia katika jeshi la ulinzi wa Mfalme Haile Selassie, na humo akafunzwa mbio na Onni Niskanen, mwalimu kutoka Sweden. Tarehe 10 Septemba, 1960, mjini Roma, alikimbia maili 26 na ushei kwa miguu mitupu, akawashinda wote kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Italia ilikuwa imeivamia nchi yake mwaka 1935. Kwa hiyo ushindi ule, katika mji mkuu wa wavamizi, uliifurahisha Afrika nzima. Mwaka 1964 huko Tokyo, majuma machache tu baada ya kupasuliwa kidole tumbo, alishinda tena. Hakuna aliyewahi kabla yake kushinda mbio hizo mara mbili katika Michezo ya Olimpiki.

Wahenga walinena kwamba hujafa hujaumbika. Mwezi wa Machi, 1969, motokaa aliyokuwa akiiendesha ilipinduka usiku, naye akaumia uti wa mgongo. Alipelekwa katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, ambako Daktari Ludwig Guttmann alikuwa akiwatibu waliopooza tangu mwaka 1944, na tangu 1948 akiwafanyia mashindano ya michezo. Mikono ya Abebe ilirudiwa na nguvu. Miguu haikurudiwa kamwe.

Hapo ndipo tuonapo ukubwa wake. Mtu aliyesifiwa dunia nzima kwa miguu yake hakuona haya kuanza upya kama mwanafunzi. Mwaka 1970 alishindana Stoke Mandeville, akiwa katika kiti cha magurudumu, kwa upinde na mishale. Mwaka 1971 alialikwa Norway kwenye michezo ya wenye vilema. Akashiriki kulenga shabaha kwa upinde na mpira wa meza, kisha akashinda mbio za magari yasiyo na magurudumu, yavutwayo na mbwa juu ya theluji. Mtu wa nchi ya jua akawapita watu katika nchi yao ya baridi!

Mwaka 1972 alikuwa mgeni wa heshima katika Michezo ya Olimpiki ya Munich. Alifariki tarehe 25 Oktoba, 1973, akiwa na umri wa miaka 41, kwa kuvuja damu katika ubongo. Maelfu ya watu walimzika Addis Ababa, na Mfalme mwenyewe akahudhuria.

Sasa tujitazame sisi. Katika pwani yetu mkwezi huanguka mnazini, na mpiga mbizi hupanda kutoka kilindini akiwa amepooza. Mara nyingi mtu huyo huwekwa uani, akapelekewa chakula, nasi tukadhani wajibu wetu umekwisha. Hatuulizi mikono yake yaweza nini. Haitwi barazani, wala hapewi nyavu azitengeneze, wala watoto awafundishe. Kweli, magurudumu hayaendi vema katika mchanga wa Mkokoni. Lakini jirani wawili wenye nia waweza kumbeba mtu mpaka mkutanoni.

Basi twawaomba wanachama, kila mmoja katika mtaa wake, wamtafute aliyefichwa ndani, na katika mkutano ujao waje naye. Nafasi yake iwe mbele, pamoja na wazee.