Shekhar Mehta: Bingwa wa Safari aliyetamba bila turbo

BARABARA itokayo Voi kwenda Mwatate, kisha ikakunja kulia na kuanza kupanda milima ya Taita hadi Wundanyi, imewahi kuwa mtihani wa madereva mashuhuri duniani. Kwa miaka mingi mkondo wa Mombasa wa mashindano ya Safari Rally ulipitia sehemu hizi, na wakazi wa Voi, Mwatate na Bura wakazoea kuamkia kando ya njia, macho yao yakitafuta wingu la vumbi jekundu. Miongoni mwa waliotimua vumbi hilo, hakuna aliyevuna ushindi kumzidi Shekhar Mehta.

Mehta alizaliwa Kampala, Uganda, mwaka 1945, katika ukoo tajiri wa asili ya Kihindi uliomiliki mashamba makubwa. Angeweza kuishi maisha ya starehe na kuendesha magari kwa kujifurahisha tu. Lakini mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka nchini, na kijana huyo akawa miongoni mwa maelfu waliopoteza makao. Akahamia Kenya.

Mwaka mmoja haukuwa umetimia tangu amri hiyo wakati Safari ya Pasaka ya 1973 ilipoanza. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mashindano hayo kuhesabiwa katika ubingwa wa dunia wa mbio za magari, nao ulikuwa ndio kwanza unaanzishwa. Mehta, akiwa na msaidizi wake Lofty Drews, aliendesha Datsun 240Z, gari la michezo lenye injini ya lita 2.4 na silinda sita zilizojipanga mstari mmoja. Baada ya takriban kilomita 5,000, alikuwa na adhabu sawasawa na Harry Källström wa Sweden, aliyeendesha Datsun ya aina nyingine. Waamuzi walitazama nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza, na taji likamwangukia Mehta. Kwa mtu aliyekuwa mkimbizi majuzi tu, hakuna haja ya kueleza taji hilo lilikuwa na uzito gani.

Gari hilo halikuwa na turbo. Hata yale aliyoyatumia kushinda mara nne mfululizo, 1979, 1980, 1981 na 1982, akiwa na Mike Doughty, hayakuwa nayo. Yalikuwa ni Datsun za umbo la kawaida kabisa, aina ya 160J na Violet GT, zikisukumwa na magurudumu ya nyuma. Mtu asiyezijua angedhani ni gari la mwalimu mkuu lililopakwa rangi za matangazo.

Hapa ndipo hadithi ya Mehta inapokutana na ubishi ambao haujaisha hadi leo katika maegesho na gereji zetu, hasa tangu Subaru kuukuu kutoka Japani zilipojaa barabarani, zenye turbo na zisizo nayo: gari lipi huchomoka vizuri zaidi?

Injini isiyo na turbo huvuta hewa kwa nguvu zake yenyewe. Pistoni ikishuka, hewa huingia. Ukikanyaga mafuta, jibu huja papo hapo, na nguvu huongezeka taratibu kadiri mzunguko unavyopanda. Turbo ni kifaa kinachotumia moshi unaotoka katika injini kuzungusha gurudumu dogo, nalo huzungusha jingine linaloishindilia hewa ndani ya silinda. Hewa ikizidi, mafuta mengi zaidi huweza kuchomwa, na injini ndogo hutoa nguvu za injini kubwa. Wakuu wa michezo walilitambua hilo, wakaamua kwamba ukubwa wa injini yenye turbo uzidishwe kwa 1.4 wakati wa kupanga madaraja.

Kuna faida nyingine iliyohusu nchi yetu hasa. Kadiri unavyopanda juu, hewa huwa nyepesi, na injini ya kawaida hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Ile inayopumua vizuri Voi, karibu mita 600 juu ya bahari, hufika Nairobi ikiwa imechoka. Turbo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo.

Basi kwa nini turbo haikuitawala Safari mara moja? Jibu lingeweza kusomwa katika kona za Wundanyi. Turbo za miaka hiyo zilikuwa nzito na zilichelewa. Dereva akiachia mafuta ili akate kona kali, moshi hupungua na lile gurudumu hupunguza mbio. Akikanyaga tena, husubiri kitambo, kisha nguvu zote humjia kwa kishindo, pengine wakati usukani bado umekunjwa na upande mmoja ni bonde. Katika uwanda ulionyooka, kama ule wa Maktau, gari la turbo lingemwacha mwenzake mbali. Katika mpando wenye kona baada ya kona, lile linalotii mguu wa dereva bila kuchelewa lilikuwa na heri yake. Ongeza joto la Tsavo, na turbo yenyewe ni tanuri, ongeza vumbi linalopenya kila tundu, utaelewa hofu ya mafundi.

Mwaka 1983 ulithibitisha hofu hiyo. Audi ilileta quattro zake zenye turbo na zinazosukumwa na magurudumu yote manne, zikiendeshwa na Hannu Mikkola na Michèle Mouton. Zilifika ya pili na ya tatu. Mshindi alikuwa Ari Vatanen katika Opel Ascona 400, isiyo na turbo.

Wapo wanaosema Mehta alibahatika, kwamba aliondoka kileleni kabla ya turbo kukomaa. Mwandishi huyu hakubaliani nao kikamilifu. Ni kweli kwamba katika ushindi wake wa mwisho, 1982, Audi haikuja, na mpinzani wake mkubwa alikuwa Walter Röhrl katika Opel isiyo na turbo vilevile. Lakini Safari ya wakati huo haikuwa mashindano ya kuchomoka. Ilikuwa hesabu ya nani atapasua matairi machache, nani atajua mto upi umefurika, nani atalihurumia gari usiku wa pili ili limsaidie siku ya nne. Mehta alikuwa bingwa wa hesabu hiyo.

Hata hivyo, wakati haumsubiri mtu. Mwaka 1984 Björn Waldegård alishinda kwa Toyota Celica yenye turbo, Juha Kankkunen akafuata kwa gari kama hilo 1985, na Waldegård tena 1986. Nissan ilikuwa imempa Mehta 240RS, gari zuri la lita 2.4 lenye nguvu farasi zipatazo 240, lakini Celica zilikuwa na zaidi ya 300. Mwaka 1986 yeye mwenyewe alikuja na Peugeot 205 Turbo 16, yenye injini ndogo ya lita 1.8 iliyofungwa katikati na nguvu zilizopita farasi 400. Ushindi wa sita haukupatikana.

Mwaka 1987 alipata ajali mbaya katika mbio za Pharaons nchini Misri, na safari yake nyuma ya usukani ikakoma. Baadaye aliongoza tume ya mbio hizi katika shirikisho la kimataifa, FIA, akisimamia kanuni za magari ambayo sasa karibu yote yalikuwa na turbo. Alifariki London Aprili 2006, akiwa na umri wa miaka 60. Safari iliyokuwa imeondolewa katika ubingwa wa dunia baada ya 2002 ilirejea 2021, na Sébastien Ogier akashinda kwa Toyota yenye injini ya lita 1.6 na turbo. Njia zake zilizunguka Naivasha. Milima ya Taita haikuwamo.