Marie Curie, Aliyevumbua Radiamu

Marie Curie alizaliwa mwaka 1867 mjini Warsaw, katika nchi ya Poland. Siku zile mji huo ulitawaliwa na Warusi, wala wanawake hawakuruhusiwa kuingia chuo kikuu chake. Baba yake alikuwa mwalimu asiye na mali. Basi Marie akapatana na dada yake: yeye atafundisha watoto wa matajiri kwa mshahara, ampelekee dada yake fedha za kusomea uganga mjini Paris, kisha dada naye amsaidie. Mwaka 1891 zamu yake ikafika. Akaenda Ufaransa, akakaa katika chumba kidogo chenye baridi kali, akasoma kwa bidii hata akawa wa kwanza katika mtihani wa mwaka 1893.

Mwaka 1895 aliolewa na Pierre Curie, mtu wa elimu kama yeye. Mwaka uliofuata, Henri Becquerel alivumbua kwamba madini ya uraniamu hutoa mionzi isiyoonekana kwa macho. Marie akapima mawe mengi, akaona jiwe moja linalotoa mionzi mikali kuliko uraniamu yenyewe. Akatambua kwamba ndani yake mna kitu kigeni. Mwaka 1898 yeye na mumewe wakatangaza vitu viwili vipya, poloniamu na radiamu.

Lakini wenye elimu walitaka kuiona radiamu. Basi Marie akafanya kazi miaka mingi katika banda bovu linalovuja, akichemsha mawe yaliyosagwa na kuyakoroga kwa chuma kirefu. Katika mawe mengi mno, mwaka 1902 alipata sehemu moja tu ya kumi ya gramu ya chumvi ya radiamu. Nayo iling'aa gizani. Wangaliweza kuiuza siri ya kazi hiyo wakatajirika, lakini waliwapa watu wote bure.

Mwaka 1903 walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Becquerel. Mwaka 1906 Pierre aligongwa na gari la farasi akafa. Marie hakuiacha kazi. Akashika nafasi ya mumewe chuoni, na mwaka 1911 akapata tuzo ya pili. Vita vya mwaka 1914 vilipotokea, alitengeneza magari yenye mitambo ya eksirei, ili waganga waone risasi zilizomo miilini mwa askari.

Radiamu iliwasaidia waganga kutibu saratani, lakini mionzi hudhuru pia, na zamani hizo hatari yake haikujulikana vema. Marie aliishika kwa mikono yake miaka mingi. Alikufa mwaka 1934 kwa ugonjwa wa damu, unaodhaniwa kuwa ulitokana na mionzi. Hata leo madaftari yake huwekwa katika masanduku ya risasi, kwa kuwa mionzi ingalimo ndani yake.