Spinoza alivyokataa uprofesa
Sisi wa mwaka wa mwisho tunasaka ajira usiku na mchana. Kumbe kuna mtu aliukataa uprofesa! Baruch Spinoza alitengwa na jumuiya yake ya Kiyahudi huko Amsterdam mwaka 1656, akiwa na miaka 23. Akaishi kwa kusugua lenzi. Mwaka 1673 mtawala mmoja wa Ujerumani akamwita akafundishe falsafa Heidelberg: uhuru tele, mradi asivuruge dini.

Alikaa na barua ile wiki sita. Akajibu kwa shukrani, akieleza kwamba kufundisha vijana kungekwamisha kazi yake ya falsafa, tena hajui mpaka wa uhuru huo uko wapi. Kwangu mimi, hilo la pili ndilo lenyewe. Hakumkashifu mtu. Alifariki 1677, hajawahi kuwa profesa.