Mathewson: Nyota ambaye Reds walimwachilia

Kila mwaka timu za besiboli nchini Marekani zinapopiga kambi za mazoezi kabla ya msimu, mashabiki hubishana: mrushaji yupi abaki na yupi abadilishwe na wa klabu nyingine. Maisha ya Christy Mathewson yanaonyesha jinsi uamuzi huo unavyoweza kuigharimu timu.

Mathewson alizaliwa Agosti 12, 1880, mjini Factoryville, jimbo la Pennsylvania. Alijiunga na New York Giants mwaka wa 1900, lakini baada ya kushindwa mechi tatu bila ushindi wowote, akarudishwa Norfolk alikotoka. Cincinnati Reds walimchukua, kisha Desemba mwaka huo wakamtoa kwa Giants ili wampate Amos Rusie, mrushaji mashuhuri ambaye hakuwa amecheza kwa misimu miwili.

Rusie aliwachezea Reds mechi tatu pekee, asishinde hata moja. Mathewson naye aliwashindia Giants mechi 372. Katika fainali za 1905 dhidi ya Philadelphia Athletics, alirusha mechi tatu nzima kwa siku sita bila wapinzani kupata pointi.

Julai 1916, nguvu zikiwa zimempungukia, alihamishiwa Reds akawa meneja. Huko alirusha mechi moja tu, akashinda na kufikisha 373.

Mwaka wa 1918 alivuta gesi ya sumu akiwa jeshini Ufaransa. Baadaye aliugua kifua kikuu, akafariki Oktoba 7, 1925, akiwa na umri wa miaka 45. Mwaka wa 1936, alikuwa miongoni mwa wachezaji watano wa kwanza kuteuliwa katika Jumba la Heshima la besiboli.